Okestra ni Okestra

Mtu hapulizi tarumbeta kwa midomo na mapafu peke yake. Anapuliza kwa meno ya mbele. Midomo inataka mahali pa kuegemea, na mahali penyewe ni hapo, kwenye meno mawili ya juu. Yakitoka hayo, unaweza kuwa na pumzi za fahali na zisikusaidie kitu. Leo hili nalijua vizuri kuliko ninavyoijua bei ya mafuta ya alizeti. Lakini nililijua nimeshachelewa, nimesimama mbele ya ukumbi uliojaa watu wa Singida, na kitenge changu kipya, na mdomo wangu huu.

Mume wangu hakuwa na meno mawili ya mbele. Nalisema mapema ili usije ukaniona mjinga katikati ya safari. Nione mjinga tangu mwanzo, tuendelee.

Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya shirika. Vijana wa leo hawajui, lakini zamani kila shirika la umma lilikuwa na bendi yake, na bendi ikishapata magitaa matatu na watu wawili wa kupuliza ilijiita okestra, na hakuna aliyeibishia. Okestra ilikuwa ni hiyo. Ukisikia okestra inakuja, unapiga pasi, unasuka nywele, unatafuta wa kumwachia watoto. Kwanza wanaimba taratibu, mashairi ya kuachana na kurudiana, halafu linakuja chemko, magitaa yanakimbizana, na hapo hakuna anayebaki kwenye kiti labda awe mgonjwa.

Na kulikuwa na heshima moja ambayo kila mwanamuziki aliijua. Bendi kutoka Dar au Tabora au Dodoma ikija kupiga kwenu, ni lazima kati ya nyimbo kiongozi wao aulize, "Mwenyeji wetu yuko wapi?" Basi mwanamuziki wa hapo mjini anapanda jukwaani na chombo chake, anapewa wimbo mmoja. Kutompa ni tusi. Naye akikataa kupanda, ni tusi pia. Mume wangu alipewa wimbo na kila bendi iliyokanyaga Singida. Mimi nilimwona kwa mara ya kwanza hivyo, amepanda kwenye jukwaa la wageni, koti la bluu, akapuliza mpaka mwimbaji wao akaacha kuimba akawa anamtazama yeye. Nilikuwa msichana. Nikasema moyoni, huyu ni wangu, na atakayemgusa tutaonana.

Halafu serikali ikatoa ruhusa, mambo yakafunguliwa. Watu wakaanza kuuza walichotaka, madukani zikaja sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagika sokoni, watu wenye fedha wakaleta mashine zao binafsi za kukamua alizeti. Shirika likasema limelemewa. Walipoanza kupunguza watu, bendi ndiyo iliyotangulia, maana mhasibu gani atakayekuelezea faida ya tarumbeta? Magitaa na spika vikaenda visikojulikana. Tarumbeta alibaki nayo yeye, nadhani kwa kuwa hakuna aliyejua pa kuipeleka.

Kwa upande wangu, sitasema uongo, ile ruhusa ilinifungulia mlango. Nilianza na chupa chache za mafuta mbele ya nyumba yetu huku Unyambwa, nikahamia sokoni mjini, nikapata kibanda. Nikawa nachukua mafuta mashineni kwa madumu, nachuja, napima, nauza. Mume wangu akawa mbebaji wangu. Hakulalamika. Alifunga madumu kwenye baiskeli akaenda na kurudi, na siku za gulio alifika mpaka Mkiwa kuwauzia madereva wa malori. Siku moja kwenye mteremko wa changarawe baiskeli ilimshinda, akaruka mbele, mdomo ukapiga usukani. Meno mawili yakatoka palepale. Nilimkanda kwa maji ya chumvi, mdomo ukapona. Tukasema alhamdulillahi, si jicho.

Kabla ya hapo, hata baada ya bendi kufa, alikuwa na kawaida ya kwenda jioni kwenye mawe makubwa nyuma ya nyumba akapuliza kuelekea mashambani. Baadaye nikaona haendi tena. Sikumwuliza. Nilijijibu mwenyewe kwamba amekata tamaa, anaililia bendi, mwanamume akinyang'anywa kazi anakuwa hivyo. Wengine walisema ameshika dini. Hayo meno sikuyaunganisha na tarumbeta hata siku moja. Nilijua tu kwamba anapocheka anafunika mdomo kwa mkono, na mimi nikaona ni haya za mtu wa makamo.

Jirani yangu wa kibanda, muuza dagaa, alihamia Singida bendi imeshakufa. Hakuwahi kumsikia. Kwake yeye mume wangu alikuwa mtu wa madumu. Nikimsimulia mambo ya zamani ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Tarumbeta, shoga? Huyu huyu? Au alikuwa anaibeba?"

"Alikuwa anaipuliza mpaka wanawake wanalia."

"Wanalia kwa sababu anawamwagia mafuta."

Sokoni wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ukikasirika ndiyo umekwisha. Lakini liliniuma. Liliniuma kuliko nilivyotaka lionekane.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa siku lilipopita gari la matangazo. Landrova yenye spika juu, inakwenda taratibu, na kijana ndani anapaza sauti: "Okestra! Okestra kubwa kutoka Ulaya! Wanamuziki zaidi ya hamsini jukwaani! Jumamosi alasiri, ukumbi mkubwa! Kiingilio bure! Usikose!"

Soko zima lilisimama. Hamsini! Bendi gani ina watu hamsini? Muuza dagaa akapiga mahesabu ya magitaa. Wanaume wakaanza kubishana kama watakuwa na wacheza shoo. Ilikuja kujulikana kwamba ni wageni wa misheni, marafiki wa hospitali, wanapita kuelekea Mwanza na wamekubali kusimama kwetu siku moja. Lakini hilo halikubadilisha kitu. Gari lilisema okestra.

Nikawageukia wenzangu, nikaweka mikono kiunoni. "Jumamosi mtamwona mume wangu jukwaani."

"Weee!" akasema muuza dagaa.

"Wageni lazima wamwite mwenyeji. Ndiyo desturi. Na mwenyeji ni nani hapa mjini? Njoo uone. Njoo na kitambaa cha kufutia machozi."

Nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kwa roho yangu yote: mume wangu apande, apewe wimbo mmoja, mji ukumbuke yeye ni nani, na yeye mwenyewe akumbuke. Mafuta nilikuwa nayo, kibanda nilikuwa nacho. Nilichokuwa sina ni yule mtu wa koti la bluu.

Jioni nikamwambia. Alikuwa anaosha madumu kwa mchanga na maji ya moto.

"Baba watoto, okestra inakuja Jumamosi. Utapanda."

"Nimesikia," akasema. "Ila ile si okestra ya kupanda, mama watoto. Ile ni ya Wazungu, ya kukaa na kusikiliza. Wanasoma kwenye karatasi. Hawampi mtu wimbo."

"Okestra ni okestra."

"Siyo."

"Unaogopa."

Akaniangalia, kisha akaendelea na dumu lake. "Niache, mama watoto," akasema. "Twende tukasikilize, basi."

Mtu mwingine angeelewa. Mimi nilisikia woga wa mtu aliyezoea kushindwa, na dawa yake, kwa akili yangu, ni kumsukuma. Ijumaa alipokwenda mashineni niliitoa tarumbeta chini ya kitanda. Ilikuwa imekuwa nyeusi. Niliisugua kwa majivu na ndimu mpaka mikono ikawasha, nikaisuuza, nikaifuta kwa khanga, ikawaka. Nikaificha kwenye kikapu, chini ya mtandio. Nilijiona mke mwema. Yarabi, nilivyojiona mke mwema!

Nikafanya na la pili. Kulikuwa na mwalimu wa sekondari aliyepangwa kuwatafsiria wageni, mtu mpole, mteja wangu wa siku zote. Nikamfuata. "Mwalimu, mwambie mkubwa wao kwamba hapa kuna mpigaji."

Akajikuna kichwa. "Tutaona, mama," akasema.

Kwetu "tutaona" ni hapana iliyovaa vizuri. Hata mtoto anajua. Mimi siku hiyo niliisikia ndiyo.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ungeona watu walivyopendeza! Suruali pana za miaka iliyopita zilitoka masandukuni, viatu vya visigino virefu, nywele zimechomwa kwa kitana cha moto, marashi mpaka unapiga chafya. Wazee walikaa mbele, tukapita tukiwaamkia shikamoo, shikamoo, mpaka mwisho wa safu. Tatizo likaanza na viti. Vilikuwa vimepangwa hadi chini ya jukwaa, na wanaume kadhaa wakaanza kuvivuta pembeni ili kupata mahali pa kuchezea. Mwalimu akaja mbio kuwaomba wavirudishe. "Hapa ni kukaa tu," akasema. Watu wakaguna. Okestra ya kukaa?

Mume wangu alikuwa amevaa koti la bluu. Hilo sikumwambia mimi, alilivaa mwenyewe. Nikaona, si unaona, moyo wake unataka. Kikapu nilikiweka kati ya miguu yangu.

Wageni wakaingia, weusi tupu kwa mavazi, kama watu wa msibani, wanawake kwa wanaume. Vayolini chungu nzima. Vayolini nyingine kubwa za kuwekwa chini, mtu anazikumbatia kwa magoti. Ngoma za shaba kama masufuria ya pilau ya harusi. Gitaa, hata moja hakuna. Nyuma kabisa walikaa wapuliza tarumbeta, na mmojawao alikuwa mwanamke mtu mzima, nywele za mvi amezikata fupi. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Mwanamke, na tarumbeta!

"Mwimbaji yuko wapi?" muuza dagaa akaniuliza. Alikuwa amekaa nyuma yetu na wenzake wote wa sokoni. Nilihakikisha wamekaa hapo.

"Atakuja."

Hakuja. Akaja mzee mwenye kijifimbo, akatupa mgongo, na wakaanza. Siwezi kukuelezea ule muziki. Ulikuwa mwingi. Uliingia kwa chini kama upepo wetu wa mwezi wa saba unavyoingia chini ya mlango, halafu ukajaa ukumbi wote, na watu wakanyamaza si kwa adabu, bali kwa kutojua wafanye nini. Tuliendelea kumsubiri mwimbaji. Baadaye ukakaza mwendo, na bwana mmoja na mkewe wakanyanyuka kwa furaha, chemko hilo limefika, wakaanza kucheza kwenye njia kati ya viti. Mwalimu akawakalisha. "Sasa mbona wamelileta kama hawataki lichezwe?" mke yule akauliza kwa sauti, na nusu ya ukumbi ikacheka.

Lakini mimi nilikuwa namtazama mume wangu. Aliinama mbele, viwiko juu ya magoti. Macho yake hayakutoka kwa wale wa nyuma, wapuliza tarumbeta. Na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinabonyeza goti, taratibu, kimoja, viwili, pamoja, kama anabonyeza vitufe. Sidhani alijua anafanya hivyo. Nilipoona vile vidole nikasema, basi, imekwisha. Mtu huyu anakufa kwa kiu na mimi nimekaa na mtungi miguuni.

Muziki ukasimama. Baadaye nilielezwa kwamba haukuwa umekwisha, kwamba huwa wanapumua kidogo kisha wanaendelea, na mwenye kujua hakohoi. Mimi niliona mzee wa kijifimbo anafuta jasho. Nikaona kimya. Na kimya kati ya nyimbo, kwa okestra yoyote niliyowahi kuijua, ndiyo nafasi ya kuuliza mwenyeji yuko wapi. Nikamsubiri aulize. Hakuuliza. Nikamtafuta mwalimu kwa macho, akatazama chini.

Nikasimama.

"Mama watoto," mume wangu akasema kwa sauti ya chini. "Mama watoto, kaa." Akanishika kitenge. Nikajinasua.

Nilipiga kigelegele, kile kirefu, na kina mama wa sokoni wakanipokea. Nikabeba kikapu mpaka mbele, nikatoa tarumbeta, nikaishika kwa mikono miwili. Ilimetameta, na watu wakafanya "aah". Nikasema kwa sauti yangu ya kuuzia mafuta: "Wageni wetu, karibuni Singida! Mmetufurahisha. Na sisi tunaye mtu wetu. Mpeni wimbo mmoja!"

Mzee wa kijifimbo akageuka. Akatabasamu, akashuka ngazi, akaipokea tarumbeta kwa mikono miwili, akaiinua ukumbi wote uione, akaniinamia kwa heshima. Alidhani ni zawadi! Asubuhi walikuwa wamepewa majogoo na asali, sasa wanapewa na tarumbeta.

"Siyo ya kwako, babu!" mtu akapiga kelele dirishani. Ukumbi ukaangua kicheko.

Mwalimu akaja, akamnong'oneza. Mzungu akaelewa, au alielewa nusu. Uso wake ukabadilika kidogo, akatazama saa, akawatazama watu wake. Halafu kwa ubinadamu wake, Mungu ambariki, akanyoosha mkono kumwelekea mume wangu. Na mji wote ukampokea: "Apande! Apande!" Hata wazee wa mbele walikuwa wanapiga makofi. Watu walimkumbuka! Nilichokitaka kilikuwa kinatokea mbele ya macho yangu, na nilimtazama muuza dagaa kumwonyesha.

Mume wangu akasimama. Angefanya nini? Alipita katikati ya viti akiwa amenyooka, akafunga kifungo cha koti. Akapanda. Akaipokea tarumbeta kwa mzungu, akaigeuza, akaijaribu vitufe, kisha akanitazama. Natamani angekuwa na hasira. Hasira ningeijibu. Alinitazama tu kama unavyomtazama mtoto aliyevunja kitu ambacho hakujua kinavunjika.

Akaweka mdomoni.

Ikatoka pumzi. Pfff. Mate na pumzi. Akaiweka vizuri, akajaribu tena, ikatoka sauti ya mwana mbuzi, ikakatika.

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi.

"Imeingia kutu!"

"Ni mafuta, mafuta yameziba!" Huyo alikuwa wa sokoni.

Na mimi, badala ya kumwondoa pale, nikapiga kelele. Mimi mwenyewe, mkewe, kwa sauti ile ile: "Puliza kwa nguvu, baba watoto! Kwa nguvu!"

Akajaribu kwa nguvu. Mishipa ya shingo ilisimama. Pembeni ya mdomo ukatoka uzi wa mate, akaufuta kwa mkono wa koti.

Hapo yule mwanamke wa mvi akaweka chini tarumbeta yake, akapita kati ya viti vya wenzake akaja mbele. Hakumtazama mtu mwingine. Akamtazama mume wangu mdomoni, karibu, kama nesi. Akamwambia neno kwa lugha yao, akimwonyeshea mdomo. Na mume wangu, ambaye kwa miaka hakuwahi kucheka bila kufunika mdomo, ambaye hata mbele yangu alikuwa akila kwa kugeukia upande, akafumbua mdomo akamwonyesha.

Mwanamke yule akagusa meno yake mwenyewe ya mbele kwa ukucha. Mara mbili. Akatikisa kichwa. Akamwekea mkono begani.

Ukumbi haukuwa umeelewa bado, maana watu waliendelea kucheka. Mimi nilikuwa chini ya jukwaa, hatua chache tu, na nilielewa lote kwa mara moja, usukani, damu, mawe ya nyuma ya nyumba, jioni zile za kimya. Mgeni aliyefika asubuhi na kesho yake anaondoka alikuwa ameliona ndani ya kufumba na kufumbua. Mimi nililala na mdomo ule kila siku.

Kisha mwanamke akaomba tarumbeta kwa ishara, mume wangu akampa. Akafuta mahali pa kupulizia, akapuliza sauti chache tu, taratibu. Zilitoka safi. Zilikuwa nzuri mno. Na hapo ukumbi wote ukajua kwamba haikuwa kutu wala mafuta, na kicheko kikakatika. Nilikuwa nimekichukia kile kicheko, lakini kile kimya kilinichoma zaidi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Masikini, meno." Neno likapita safu kwa safu. Nikarudi kwenye kiti changu nikiwa nimejifunika mtandio usoni, na kila goti nililolipita lilijivuta kunipisha.

Mume wangu akarudi na tarumbeta yake, akakaa. Wageni wakaendelea. Nikadhani tutaondoka, nikamvuta mkono. Hakuondoka. Alisikiliza mpaka mwisho kabisa, akapiga makofi kama wengine. Vidole tu ndivyo vilivyotulia. Aliviweka juu ya ile tarumbeta mapajani, havikusogea tena. Mimi sikusikia hata sauti moja. Nilikuwa nahesabu nyuso za wateja wangu, nani alikuwepo, nani hakuwepo. Hata katika aibu ile nilikuwa sokoni.

Nje, muuza dagaa alinisubiri. Nilijiandaa. Lo, ningempa! Lakini alinishika mkono akasema, "Pole, shoga yangu," kwa upole wa kweli, na akaondoka. Sijawahi kuambiwa neno baya kuliko lile.

Tulishika njia ya Unyambwa kwa miguu. Jua lilikuwa bado lipo, upepo unatupiga vumbi. Yeye alitangulia kidogo, kikapu amebeba yeye. Watu walitupita na baiskeli, wakasalimia kwa adabu kupita kiasi. Nilikuwa nangoja anigombeze. Kila hatua nikangoja. Nilishapanga majibu yangu, nikayapangua, nikayapanga upya, maana mimi ndivyo nilivyo, nikikosa nguo ya kujisitiri najifunika ugomvi.

Tulipoacha barabara kuu nikashindwa.

"Umeniaibisha," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. Mimi. "Umeniacha nisugue ile tarumbeta, nikaongee sokoni, nisimame mbele ya wazee wa watu. Miaka yote hii mtu hana meno ya kupulizia na mkewe hajui. Mimi ni mke au ni mpita njia? Kwa nini hukuniambia?"

Akasimama. Akaweka kikapu chini. Hakufunika mdomo alipozungumza.

"Nilikuambia."

"Lini? Hukuniambia!"

"Nilikuambia, mama watoto. Siku ile ile niliyoanguka. Ulikuwa unachuja yale mafuta yaliyobaki kwenye dumu. Nikasema, mama watoto, tarumbeta ndiyo basi tena. Ukasema, eeh, shika hapa chujio. Nikashika."